Mkono unakaza: tazama vidole gani, saa ngapi, kwa kazi gani

Mkono ukikaza ghafla, watu wengi huwa na majibu mawili tayari: "huna madini" au "mishipa imejikunja". Jibu la kwanza humpeleka mtu duka la dawa kununua kalsiamu na kuchomwa sindano za vitamini. La pili humpeleka kwa mchuaji. Pesa inatoka, na wiki ijayo vidole vinajikunja tena vilevile. Wakati huo mkono wenyewe ulikwisha kuonyesha tatizo liko wapi, ila hakuna aliyeuliza maswali matatu ya msingi: vinakaza vidole gani, saa ngapi, na ukiwa unafanya nini. Majibu ya maswali hayo hutenganisha uchovu wa kazi na neva (mshipa wa fahamu) iliyobanwa, na hutenganisha vyote viwili na ugonjwa ulio mbali kabisa na mkono.

Umekaza sasa hivi

Achia ulichoshika. Usikunje ngumi ili kushindana nao. Nyoosha mkono mbele, kiwiko kikiwa kimenyooka na kiganja kikitazama mbele kama askari wa barabarani anayesimamisha gari. Kwa mkono wa pili shika vidole vyote, gumba likiwemo, uvivute taratibu kuja upande wako mpaka uhisi mvuto kwenye kiganja na upande wa ndani wa mkono. Kaa hivyo sekunde 20 hadi 30, huku ukipumua kawaida, kisha achia na urudie mara 2 au 3. Msuli uliokaza huachia ukivutwa polepole. Ukivutwa kwa kishindo hujibu kwa kukaza zaidi, na ndiyo maana kumwambia mwenzako "nivute vidole kwa nguvu" huongeza maumivu.

Ukishaachia, ukande kwa gumba la mkono mwingine, hasa ile nyama nene iliyo chini ya kidole gumba, halafu uloweke mkono kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika kama 10. Mwenye kisukari au ganzi asipime joto la maji kwa mkono huohuo, maana unaweza kuungua bila yeye kuhisi. Na ukiwa umepaka dawa ya kuchua yenye pilipili au mentholi, usiweke maji moto juu yake.

Unakaza katikati ya kazi, ukipumzika unaachia

Hili ndilo kundi kubwa kuliko yote. Msuli uliofanya kazi ileile kwa muda mrefu bila kupumzika huchoka, na msuli uliochoka hupoteza uwezo wa kujilegeza. Maji na chumvi huchangia, lakini kwa mtu anayekaza mkono mmoja tu, ule wa kazi, uchovu ndio wa kuangaliwa kwanza. Upungufu wa madini hauchagui mkono wa kulia na kuuacha wa kushoto.

Mtazame msusi anayesuka rasta. Gumba na kidole cha shahada vinabana nywele, kidole cha kati kinapitisha fungu la pili, cha mwisho kinashikilia mvuto, na kifundo cha mkono kimekunjwa kwa sababu mteja kakaa juu mno au chini mno. Anabana hivyo saa 5, 6, wakati mwingine zaidi, na kila rasta huanza kwa kubana kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Ukibana kitu kwa ncha ya gumba kwa nguvu ya kilo 1, kiungo kilicho chini kabisa ya gumba, karibu na kifundo, hubeba mzigo wa takriban kilo 12. Ndipo jioni gumba linaingia ndani ya kiganja lenyewe na kukataa kutoka.

Kwa msusi, dawa ya kwanza ni kiti. Kichwa cha mteja kikae usawa wa viwiko vyako, ili mabega yashuke na vifundo vya mikono vinyooke. Kwa nywele za mbele mteja akae chini zaidi, kwa za kisogoni ainamishe kichwa, badala ya wewe kupinda mikono kumfuata. Kila unapomaliza mstari, fungua viganja vyote viwili, tawanya vidole mpaka mwisho, hesabu hadi 5, ndipo uchukue fungu jingine. Pumziko dogo la mara kwa mara linausaidia msuli kuliko pumziko moja refu la mchana, kwa kuwa damu inapata nafasi ya kuingia kabla uchovu haujakomaa. Mwenye mteja wa rasta ndogo asipange mwingine wa rasta ndogo baada yake, ampange wa kusuka mistari au wa kuosha.

Dereva wa bodaboda hukaza mkono wa kushoto kwa sababu ya klachi. Kabla hajanywa kidonge chochote, aangalie waya wa klachi. Waya mkavu, wenye kutu au uliopinda vibaya hufanya mkono uvute kwa nguvu kubwa kila anapobadili gia, na mjini penye foleni hilo hutokea mara nyingi mno kwa siku. Utiwe mafuta au ubadilishwe. Mpini wa klachi uwe na mchezo wa kama sentimita 1 hadi 2 kwenye ncha kabla haujaanza kuvuta, na ulazwe kidogo kuelekea chini ili, ukiwa umekaa unavyokaa siku zote, mgongo wa kiganja na mkono viwe mstari mmoja. Fundi anaimaliza kazi hiyo kwa muda mfupi. Wapo wanaoendesha miaka mingi wakiuhangaikia mkono, na shida iko kwenye pikipiki.

Fundi cherehani aangalie mkasi: butu humlazimisha kubana mara mbili kwa kitambaa kilekile. Anayekuna nazi, anayekanda unga wa chapati za biashara, mwashi wa mwiko, mkulima wa jembe lenye mpini mwembamba, wote wana jambo moja: kishikio chembamba au chenye utelezi hudai nguvu zaidi. Zungushia mpini mpira wa tyubu ya baiskeli uunenepeshe. Anayefua nguo nzito asikamue kwa viganja. Azungushe shuka kwenye bomba au nguzo, ashike ncha mbili na kuzisokota pamoja. Mwanafunzi anayejiandaa na mtihani wa saa 3 atumie kalamu nene isiyohitaji kukandamizwa, na azoee kuandika kwa muda mrefu wiki kadhaa kabla, maana mkono uliozoea kuandika kurasa 2 utagoma kwenye ya 8. Kwa simu, iweke mezani, tumia vidole vya mikono yote miwili, na ujumbe mrefu utume kwa sauti.

Ukirekebisha kazi kwa wiki 2 au 3 na mkono ukaanza kutulia, umepata jibu. Usipotulia, endelea chini.

Unakuamsha usiku, na gumba na vidole viwili vinavyofuata vina ganzi

Mtu huyu anaamka saa 8 usiku mkono ukichomachoma na vidole vikiwa vizito, anaukung'uta hewani, unapoa, analala tena. Asubuhi anaangusha kikombe. Hapo tatizo si msuli. Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna mfereji mwembamba wa mfupa uliofunikwa na utepe mgumu. Ndani yake hupita kano 9 za kukunja vidole na neva moja inayohudumia gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kano zikivimba, au mwili ukijaa maji, neva ndiyo inayobanwa. Usiku huzidi kwa sababu wengi wetu hulala tumekunja kifundo.

Jaribu hivi: kutanisha migongo ya viganja mbele ya kifua, vidole vikielekea chini na vifundo vimekunjwa, ukae dakika 1. Vidole hivyohivyo vikianza kuchomachoma, dalili inaelekea huko. Kidole kidogo kikiwa kizima kabisa, inaelekea zaidi.

Wajawazito hupata sana hali hii miezi ya mwisho, na kwa wengi huondoka baada ya kujifungua. Wengine ni wenye kisukari, wenye tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, na wenye baridi yabisi. Kwa hiyo anayeanza tatizo hili bila kuwa na kazi nzito ya mikono apime sukari. Nafuu ya kwanza ni kulala na kifundo kimenyooka: vaa kishikizo cha kifundo kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa tiba, au funga ubao mwembamba ulioviringishwa kitambaa upande wa kiganja, usibane sana, na uvumilie wiki 6 kila usiku kabla hujasema hakifai. Isipopoa, daktari anaweza kuchoma sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, kwenye kifundo, na ikishindikana kuna upasuaji mdogo wa kukata ule utepe. Usingoje mpaka nyama ya chini ya gumba isinyae na kuacha bonde. Ikifikia hapo, nguvu inaweza isirudi yote hata neva ikifunguliwa.

Kidole kidogo na cha pete

Neva ya vidole hivi hupita nyuma ya kiwiko, pale panapokupiga shoti ukijigonga. Anayeongea na simu sikioni kwa muda mrefu, anayeegemeza viwiko mezani, dereva wa daladala anayeweka kiwiko dirishani, anayelala mkono ukiwa umekunjwa chini ya mto, wote wanaibana. Kiwiko kinyooshwe. Tumia spika za masikioni, weka kitambaa laini mezani, na usiku zungushia taulo kiwiko kisikunjike.

Ila kuna jambo moja ambalo kwetu halifai kupuuzwa. Vidole hivi viwili vikianza kujikunja vyenyewe kama makucha na haviumi, mtu akawa anaungua bila kuhisi, au ana baka kwenye ngozi lililopauka na lisilohisi ukiligusa kwa pamba, aende kituo cha afya akachunguzwe ukoma. Bado upo. Dawa zake hutolewa bure, zinatibu, na akizianza mapema ulemavu wa mkono unazuilika. Aibu ndiyo inayowachelewesha watu, na inawagharimu vidole.

Kidole kimoja kinanasa, kisha kinafyatuka

Asubuhi kidole kimekunjwa, ukikinyoosha kinanasa halafu kinaruka kwa mlio. Huo si mkazo wa msuli. Kano imevimba na haipiti vizuri kwenye pete yake pale kidole kinapoanzia kiganjani. Ukibonyeza hapo utahisi kinundu kinachouma. Kipumzishe, usiwe unakifyatua kwa mchezo. Sindano ya steroidi husaidia wengi, lakini mwenye kisukari ajue kwamba inaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa.

Mwenye kisukari cha miaka mingi ana tatizo jingine la karibu: viganja vinakakamaa polepole bila maumivu. Akijaribu kuvikutanisha kama anayeomba, vidole haviwezi kulala bapa, nafasi inabaki katikati. Kwake sukari ndiyo ya kushughulikiwa, pamoja na mazoezi ya kunyoosha vidole kila siku.

Mikono yote miwili, na midomo inachomachoma

Sasa tunatoka kwenye kazi na kuingia kwenye damu. Mkono wa mtu mwenye upungufu wa kalsiamu hukaza kwa umbo lake maalumu: kifundo kinakunjwa, vidole vinanyooka vimeshikana lakini vimeinama kutoka kwenye kiganja, na gumba linaingia chini yake. Mara nyingi hutanguliwa na mchomochomo kuzunguka midomo na kwenye ncha za vidole. Mwaka 1861 daktari wa Ufaransa, Armand Trousseau, alieleza kwamba umbo hilo huweza kuchochewa kwa kuukaba mkono, na hadi leo daktari hujaza mkanda wa mashine ya presha kupita kiwango cha juu cha presha ya mgonjwa, akausubiri dakika 3 kuona kama mkono utajikunja.

Aliyefanyiwa upasuaji wa goita akiona hali hii siku za mwanzo arudi hospitali siku hiyohiyo. Nyuma ya tezi ya shingo kuna tezi ndogo, kwa kawaida 4, zinazolinda kalsiamu ya damu, na upasuaji unaweza kuzijeruhi. Wengine ni wagonjwa wa figo na wenye upungufu mkubwa wa vitamini D.

Yupo pia ambaye kalsiamu yake yote ipo. Kapata habari ya msiba, au hofu kali, akaanza kuhema haraka haraka. Kuhema huko hutoa kabonidioksaidi nyingi mno, damu inabadilika, na kalsiamu iliyo tayari kutumika inapungua kwa muda. Vidole vinajikunja kwa umbo lilelile, na watu wanaomzunguka wanazidi kumtisha. Mtoe penye watu, mkalishe, ongea naye kwa sauti ya chini, apumue nawe: ingiza pumzi polepole kwa pua, itoe polepole zaidi kwa mdomo. Baada ya dakika chache vidole hufunguka. Usimfunike uso kwa mfuko, wa karatasi wala wa plastiki. Kama kinachomhemesha ni pumu au moyo, utamdhuru.

Magneziamu hutajwa mara chache, na inastahili kutajwa. Ikipungua, kalsiamu nayo hushuka, na hata ukimeza kalsiamu haipandi mpaka magneziamu irekebishwe. Pombe nyingi huipunguza, kuharisha kwa muda mrefu vilevile, na pia omeprazo inayotumiwa kwa miezi mingi. Hii ya mwisho naisisitiza, maana wapo wanaojinunulia omeprazo ya vidonda vya tumbo mwaka mzima bila kumwona daktari.

Baada ya jua kali, jasho au kuharisha

Jasho hubeba zaidi chumvi ya kawaida kuliko potasiamu. Kwa hiyo ndizi na maji ya dafu, ambavyo vina potasiamu nyingi na chumvi kidogo, ni vizuri lakini havitoshi peke yake kwa aliyechimba msingi kutwa nzima. Anywe maji kidogo kidogo siku nzima, na ale chakula chenye chumvi. Mgonjwa wa figo asijiongezee madafu na ndizi bila kuuliza, kwani potasiamu ikizidi husimamisha moyo.

Kwa kuharisha, tumia pakiti ya ORS. Isipokuwepo: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vya chai, chumvi nusu kijiko, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Chumvi isizidi. Kuharisha maji mengi mithili ya maji ya mchele, pamoja na mikono na miguu kukaza, ni dalili ya kipindupindu. Mpeleke kituoni mara moja, mkiendelea kumnywesha njiani.

Unakaza ukiandika tu

Mtu anashika jembe, anapiga chapati, anafunga vifungo bila shida. Akishika kalamu, vidole vinajisokota. Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia, alikwishaandika mwaka 1713 kuhusu makarani wenye taabu za mikono, akimtaja mmoja aliyeharibikiwa mkono wa kulia, akajifunza kuandika kwa kushoto, na wa kushoto nao ukaingia matatani. Siku hizi tunajua kwamba ukazaji unaokuja kwa kazi moja tu mara nyingi hutoka kwenye namna ubongo unavyouamuru mkono, wala si udhaifu wa msuli. Hata wapiga piano hupata. Kuchua hakuufikii. Kubadilisha unene wa kalamu na namna ya kuishika husaidia baadhi, na daktari wa mishipa ya fahamu anaweza kutumia sindano ya botulinamu kulegeza misuli inayohusika. Mwalimu au karani mwenye hali hii asiambiwe anajifanya.

Dawa unazotumia

Dawa za presha za kukojoza, kama furosemaidi, hutoa potasiamu na magneziamu. Salbutamoli ya pumu ikitumiwa kupita kiasi hutetemesha na kukaza mikono. Isoniazidi ya kifua kikuu inaweza kuleta ganzi, kwa kawaida ikianzia miguuni, ndiyo maana wengi hupewa na vitamini B6; mwambie mhudumu, usiache dozi. Metifomini ya kisukari ikitumiwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12. Usisitishe dawa yoyote kati ya hizi mwenyewe.

Wapo wazee wanaokumbuka kwinini kuwa dawa ya misuli. Isitumike hivyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2006 kwa sababu ya madhara yake kwenye damu na moyo. Na diklofenaki haifungui msuli uliokaza. Ikinywewa kila jioni, tumbo na figo ndivyo vinavyoumia.

Usisubiri

Mkono kuishiwa nguvu ghafla pamoja na mdomo kwenda upande au maneno kukwama: hicho ni kiharusi, nenda hospitali dakika hiyo. Mkono wa kushoto kuuma pamoja na kifua kubana na jasho jembamba: huenda ni moyo. Taya kukaza na mwili kukakamaa baada ya kidonda cha msumari, mwiba au chale za wembe za kienyeji: ni pepopunda. Mtoto mchanga aliyeacha kunyonya na kukunja ngumi ngumu ni vilevile.

Ukienda hospitali

Andika kwa siku chache kabla: saa ulipokaza, vidole vipi, ulikuwa unafanya nini, uliachia baada ya muda gani. Piga picha mkono ukiwa umekaza, maana mbele ya daktari huwa umenyooka. Beba dawa zako zote, za hospitali na za miti shamba. Kama ni mikono yote miwili, uliza kama unaweza kupimwa kalsiamu, magneziamu, potasiamu, figo na sukari. Kama ni ganzi ya mkono mmoja, omba rufaa kwa mtaalamu wa mazoezi tiba kabla hujakubali mfululizo wa sindano za vitamini, na mwonyeshe kwa vitendo unavyokaa na unavyoshika chombo chako cha kazi. Ukiweza, kibebe.